Beji Ndogo, Watu 67



Hapa Mwenge, penye wachonga vinyago, twaona kila siku jinsi kitu kidogo kinavyoweza kununuliwa bila mnunuzi kuuliza habari zake. Ndivyo ilivyo hata kwa wapenzi wa kukusanya beji za vikosi vya ndege vya Vita Kuu ya Pili: taji juu, mnyama au ndege katikati, kaulimbiu chini. Jeshi la Anga la Uingereza lenyewe lilijichagulia Kilatini, Per ardua ad astra, yaani "Kwa taabu hadi nyotani". Ipo, hata hivyo, kaulimbiu iliyoandikwa kwa Kiswahili: "Haya ingia napigane."

Ni ya Kikosi namba 259. Mwalimu wa sarufi angeisahihisha mara moja, lakini maana yake yaeleweka. Kikosi hicho kiliundwa upya Kipevu, Mombasa, Februari 1943, kikapewa ndege za Catalina, zenye uwezo wa kutua majini, ili kisake nyambizi katika Bahari ya Hindi. Septemba mwaka huohuo kilihamia Dar es Salaam, kikakaa hapa hadi kilipovunjwa Aprili 1945.

Kabla ya kuhamia, tarehe 20 Agosti 1943, kusini mwa Madagaska, Catalina yake moja pamoja na nyingine ya Kikosi namba 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197, ambayo nayo ilikwisha kuzamisha meli 3. Mabaharia wake wote 67 walikufa.

Hatuwahukumu marubani wale. Walilinda meli na watu waliokuwamo. Twatafakari neno moja tu. "Haya, ingia" ndiyo tunayomwambia mgeni aliyesimama mlangoni petu akipiga hodi. Neno hilohilo la ukarimu lilishonwa na neno la vita, likawekwa chini ya taji, na beji haikubakiza nafasi ya kutaja waliozama.

Basi anayekusanya beji na akusanye na habari zake: nani aliivaa, aliruka kutoka wapi, na nani hakurudi kwao kwa ajili yake. Nasi tunapowaombea marehemu wa vita, tusichague upande. Bahari iliyowafunika wale 67 ndiyo hii inayopiga ufukwe wetu.