Tumkumbuke Kanali Mamadou Ndala kwa Haki



Wengi wenu mlikuwa wadogo sana, au hamjazaliwa, Kanali Mamadou Ndala alipouawa tarehe 2 Januari 2014 huko Ngadi, karibu na Beni. Alikuwa na umri wa miaka 35. Hapa Kituku, penye mitumbwi na mama wauza sambaza, jina lake bado twalisikia. Lakini jina lisiloelezwa hugeuka sifa tupu.

Tarehe 20 Novemba 2012 jeshi letu liliuacha mji wa Goma, M23 wakaingia. Tangu hapo sare ya askari haikututia moyo tena. Mwaka 2013 Ndala aliongoza makomando katika mapigano ya kaskazini mwa mji, naye mwenyewe alionekana mstari wa mbele. Julai, habari zilipoenea kwamba anaitwa Kinshasa, watu wa Goma waliandamana kupinga. Raia waliozoea kumkimbia askari sasa walimzuia asiondoke!

Imani hiyo haikuletwa na bunduki, maana bunduki zilikuwepo hata mwaka 2012. Ililetwa na kiongozi aliyesimama pale alipowatuma wengine.

Tena Ndala alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Ibambi, mbali na ziwa letu. Alipokufa, sisi Wakatoliki wa Goma tulimlilia kama ndugu. Leo, tunapopimana kwa kabila kabla ya kusalimiana, tulikumbuke jambo hilo.

Novemba 2014 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo ofisa wa jeshi lile lile kwa mauaji yake. Kwa sababu hiyo wako vijana wasemao: "Mwadilifu hadumu kwetu, basi wema ni hasara." Maneno hayo yana uchungu wa kweli, nasi hatuwadharau wanaoyasema. Lakini aliyemwua Ndala aliweza kukatiza maisha yake tu. Hakuweza kufuta yale watu waliyoyaona. Wema ungekuwa hasara, mji mzima usingemlilia.

Basi, yeyote kati yenu aliyekabidhiwa watu, wawe watoto kumi wa katekisimu au wanakwaya, asiwatume mahali asipokubali kusimama mwenyewe.

Walinzi waliokufa pamoja na Ndala hawatajwi mara nyingi. Tukimwombea yeye, tuwaombee na wao.