Kaa la Moto na Kadi ya Ramani

Akina mama wenzangu, ambao ndio mahakimu wa kwanza wa nyumba zetu, nawaletea shauri lililofikishwa mbele yangu hapa Biryogo, Kigali, likachukua mwezi mzima. Si shauri la mahari wala la mirathi. Ni shauri la kadi ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ambayo ndani yake mna ramani ya barabara na programu ya kumwongoza dereva njia.

Mwanangu ni dereva wa watalii. Kadi hiyo aliinunua kwa fedha zake, akaitia katika chombo kile cha garini ambacho madereva hukiita jipiesi. Mtoto wa kaka yangu naye ameianza kazi hiyo hiyo mwaka huu, akiendesha gari la kukodi, na ramani hana. Akamwomba mwenzake ampe kadi kwa usiku mmoja tu aipeleke kwa fundi anayejua kuivunja kufuli yake na kuinakili. Mwanangu akakataa. Maneno yakawa mengi, hata vijana wale waliolelewa pamoja wakaacha kula sinia moja. Hapo ndipo nilipoitwa mimi, ambaye kwa mmoja ni mama na kwa mwingine ni shangazi, niseme nani mwenye haki.

Hapana budi nieleze kwanza kitu chenyewe, maana nimegundua kwamba wengi wanaokibishania hawakijui. Mtoto wa kaka alianza kwa kusema kwamba setelaiti ni za bure, basi iweje mtu auziwe kitu cha bure? Ni kweli kwamba ishara za setelaiti hizo, ambazo ni za Serikali ya Marekani, hazilipiwi na ye yote. Tena hadi Mei 2000 ishara waliyopewa raia ilikuwa ikipotoshwa kwa makusudi, na tangu upotoshaji huo ulipoondolewa chombo kidogo cha mkononi huweza kujua kilipo kwa kukosea mita chache tu. Lakini setelaiti haijui kama Rusumo kuna daraja. Haijui kwamba ukilivuka daraja hilo kuingia Tanzania hapana budi uhame upande wa kulia wa barabara uende wa kushoto. Yenyewe hutoa ishara ya saa na ya mahali ilipo, na kwa ishara hizo chombo hupiga hesabu ya mahali ulipo wewe, basi. Hayo mengine yote, yaani barabara ipi ina lami, ipi hufungwa na tope wakati wa masika, kituo cha mafuta kiko wapi, ni jasho la wanadamu. Kinachouzwa ni jasho hilo.

Alipoona hoja hiyo imemponyoka, kijana akaleta nyingine, na hii ilinikalisha kimya kwa siku mbili. Alisema, "Shangazi, jirani akija jikoni kwako kuomba kaa la moto, moto wako unapungua?"

Sisi tuliokua kabla ya majiko ya gesi twajua uzito wa neno hilo. Moto ulikuwa hauuzwi. Mtoto alitumwa na kigae, akapewa kaa, akarudi mbio, na aliyenyima moto alisemwa mtaa mzima. Anayetoa kaa hapungukiwi, na anayepokea anapata chakula cha watoto wake. Ramani nayo ndivyo ilivyo: ukiinakili, ile ya kwanza inabaki kama ilivyokuwa, si kama mbuzi aliyeibwa ambaye mwenyewe huamka akaikuta kamba tupu. Wanaosema kwamba kunakili na kuiba mbuzi ni kitu kimoja wanasema haraka mno, na vijana huwacheka kwa haki.

Tena kijana alikuwa na la kuongeza. Ramani ile hutengenezwa na kampuni moja ya Afrika Kusini iitwayo Tracks4Africa, nayo haifichi kwamba ilianza kwa kukusanya nyayo za wasafiri, yaani njia zilizorekodiwa na vyombo vya watu waliopita huko na kuzituma wenyewe. "Basi," akasema, "madereva ndio waliozipita barabara hizi, kisha madereva haohao wauziwe?"

Nililijibu la pili kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi. Pamba huchumwa na wengi, lakini mwenye kusokota na kufuma hulipwa pia. Nyayo elfu kumi zilizotupwa pamoja ni vurugu tu. Pana mtu aliyekaa akazilinganisha, akaondoa zilizokosea, akaandika majina na kuzipima saa za mwendo, na mwaka unaofuata akaanza tena kwa sababu barabara hazitulii. Hapa kwetu Biryogo twalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 2021 baadhi ya barabara zetu zilifungwa magari yasipite, zikapakwa rangi, na walipokuwa wakipita magari sasa watu wameweka meza wakanywa chai. Ramani iliyotengenezwa kabla ya hapo itampeleka mgeni na gari lake moja kwa moja hadi kwenye mabirika ya watu.

Wapo wanaoishia hapo. Huwaambia vijana, "Msinakili, maana nakala haifanywi upya, itawapoteza njia." Ni kweli mara nyingi, na kwa dereva aliyebeba roho za watu si jambo dogo. Lakini sikutaka kujificha nyuma ya hoja hiyo. Je, fundi akiileta nakala mpya kabisa, iliyo sawa na ile ya kulipiwa? Swali litabaki palepale.

Basi nikarudi kwenye kaa la moto. Moto haukutungwa na mtu anayeishi kwa kuuza moto. Mwenye kukupa kaa anakupa kilicho chake. Mwanangu aliponunua kadi ile hakununua ramani iwe yake ya kugawa. Alinunua ruhusa ya kuitumia katika chombo kimoja, na alilijua sharti hilo kabla hajatoa fedha. Mkate nitakupa nusu, kwa kuwa mkate wangu ni wangu. Lakini tiketi yangu ya basi siwezi kuichora mara ya pili ili nawe upande, ingawa yangu haipungui na basi lingekwenda vilevile. Ukifanya hivyo wewe peke yako, mwenye basi hatahisi. Wakifanya abiria wote, kesho hakuna basi.

Nami nitaje na kanda za kaseti, kwa kuwa kizazi changu kina ushahidi. Tulinakili taarabu na muziki wa dansi mikanda kwa mikanda, na vibanda vya kunakili vilikuwa kila stendi. Tulifurahi sana. Waimbaji wetu wangapi walizeeka na sauti zao zikilia katika kila nyumba, nao wenyewe hawana hata bati la paa? Kampuni ya mbali haitutii huruma, hilo naliona, ila mazoea ya mkono hayachagui. Fundi anayevunja kufuli ya ramani ya Afrika Kusini leo ndiye atakayevunja kesho kufuli ya programu iliyotungwa na kijana wa Nyamirambo.

Kuhusu sheria sina maneno mengi, kwa kuwa iko wazi. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda mali ya ubunifu mwaka 2009, na mwaka 2024 ikatunga nyingine mahali pake. Na kwa kuwa mtaa huu wetu una Waislamu wengi, waliodai kwamba kilichokatazwa na serikali si lazima kiwe haramu niliwakumbusha kwamba Baraza la Fikihi la Kimataifa, lililokutana Kuwait Desemba 1988, lilikata kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni mali yenye thamani katika sharia, na haijuzu kuzivamia. Kaka yangu alinyamaza hapo, ingawa hakuridhika.

Tena wakubwa nao hukamatwa. Huko Uingereza, chama cha wenye magari kiitwacho Automobile Association kilikubali mwaka 2001 kulipa pauni milioni 20 kwa sababu ramani zake zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwa Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali. Waligunduliwaje? Wachoraji wa serikali walikuwa wameacha alama ndogo ndogo za siri katika michoro yao, mathalani jinsi ya kuchora upana wa barabara, na alama zile zilitokea tena mahali ambapo hazikustahili kuwapo. Niliposimulia kisa hiki mezani, vijana wote wawili walicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu ugomvi uanze.

Lakini kumwambia maskini "usinakili" bila kumwonyesha pa kwenda ni uonevu. Bei ya kadi ile ni nzito kwa kijana anayeanza. Na hapa ndipo nilipoona udhuru wake ukiyeyuka, kwa sababu iko ramani iliyotengenezwa makusudi ili inakiliwe. Jina lake ni OpenStreetMap, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na ye yote duniani huweza kuichukua, kuinakili, kumpa jirani, hata kuiuza, mradi ataje ilikotoka, na akiiboresha na kuitoa hadharani, basi maboresho hayo nayo ayaachie watu kwa sharti lile lile. Hilo ndilo kaa la moto halisi. Huwekwa katika simu na kufanya kazi hata pasipo mtandao. Kibera, Nairobi, ambako ramani nyingi zilionyesha uwanda mtupu, vijana wa hapo waliuchora mtaa wao mwaka 2009. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walichora mitaa inayofurika maji katika mradi wa Ramani Huria. Tena ramani hiyo ya bure ina mwiko mkali: hairuhusiwi kuingiza humo cho chote kilichoibwa kutoka ramani ya kulipiwa. Wenye kugawa bure ndio wanaoogopa wizi kuliko wote, maana njia moja ya wizi ikiingia, yaweza kuitia kesi kazi ya maelfu.

Uamuzi wangu ulikuwa huu. Kadi haitanakiliwa. Lakini siku ambazo mwanangu hana safari, chombo chote, kadi ikiwa ndani yake, kitakwenda kwa ndugu yake, kwa kuwa hapo anayetumia ni mmoja, kama kinu cha kuazimana. Mwanangu hakulipenda hili, akasema chombo kitarudi na mikwaruzo. Nikamwambia mikwaruzo tutaivumilia. Siku ambazo wote wawili wako barabarani, mdogo atatumia ramani ya bure katika simu yake, na kwa kuwa atakula humo, naye atatia humo. Amekwisha kuandika kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu, ambacho hakikuwamo, na zahanati moja iliyokuwa imewekwa ng'ambo isiyo yake.

Kaka yangu angali ananung'unika kwamba nimeitanguliza kampuni ya ugenini mbele ya damu yangu. Amewaeleza hivyo hata majirani. Nimemwalika chai Jumapili, nikamwambia aje na fundi wake yule wa kunakili, nimsikie naye kwa kinywa chake. Kaka amekubali kuja. Fundi hajajibu.