Ukingo Kwanza, Baraka Baadaye



Kumbukumbu la Torati (22:8) humwagiza ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije akabeba hatia ya damu ya atakayeanguka. Katika utume wangu huku Marekani naikumbuka sheria hiyo kila niitwapo kubariki baraza la mbao uani. Kwanza hutazama linaposhikana na ukuta: misumari mitupu huchomoka polepole kwa unyevu na uzito wa watu, yafaa bolti. Kanuni zifuatwazo katika majimbo mengi hudai ukingo baraza likizidi sentimita 76 kutoka ardhini.

Tarehe 29 Juni 2003, mjini Chicago, mabaraza ya ghorofa yaliporomoka katikati ya sherehe. Watu 13 walifariki.

Mwezi uliopita nilikuta baraza refu lisilo na ukingo, na watoto wakilikimbilia. Nikamwambia mwenye nyumba, "Ndugu yangu, ukingo kwanza, baraka baadaye." Alinuna. Hata hivyo, maji ya baraka hayakazi bolti. Upendo kwa mgeni huanza kabla hajabisha hodi.

Je, wewe umemkinga nani?

Tafakari njema.