Mpira wa Mteremkoni

Kwetu Kasugho, mashariki mwa Kongo, ni shida kupata mahali tambarare panapowatosha watu ishirini na wawili. Ndivyo Lubero ilivyoumbwa: kilima, bonde, kilima tena, na barabara ya kwenda Butembo ambayo mvua ikinyesha huzamisha hata malori. Uwanja tuliochezea sisi vijana wa miaka ya 1980 ulikuwa na goli la juu na goli la chini, na hatukuyajua kwa majina mengine. Kwa hiyo mbinu yetu ya kwanza haikungoja kipenga. Ilianza sarafu iliporushwa.

Kapiteni wetu, mwalimu wa shule ya msingi, hakuitazama hiyo sarafu. Alitazama mbingu. Kwetu asubuhi huwa na jua na mvua hupenda kuja alasiri. Basi akiona wingu zito upande wa msitu wa Tayna, alichagua tushuke kwanza. Tufunge mapema, uwanja ungali mkavu, halafu kipindi cha pili tujazane langoni wapinzani wakihangaika kupandisha mpira uliokunywa maji. Mbingu ikiwa safi, aligeuza: tupande tukiwa na nguvu, tuje kushuka wakati wenzetu wanahema. Sikumbuki kama aliwahi kueleza. Alisema tu, "Leo tunashuka," nasi tukashuka.

Baada ya hapo, mtu wa leo angesema hatukuwa na mfumo wowote. Mabeki walibutua, viungo walikimbilia mpira ulipoangukia, washambuliaji walingoja juu. Lakini asidhani mtu kwamba tulicheza bila akili. Tulijuana. Winga wetu wa kushoto akiinamisha bega, nilijua krosi inakuja, na nilijua itatua wapi, kwa sababu nilichunga naye mbuzi kabla hatujajua kusoma. Maamuzi mengi tuliyoyafanya uwanjani yalikwisha kufanywa miaka mingi nyuma, huko malishoni. Ubaya wake ulionekana siku mmoja wetu alipokosekana. Akienda Butembo kufanya biashara, tunamweka mwingine mwenye miguu mizuri kuliko yeye, na bado timu inavunjika, kwa sababu huyo mpya hatumsomi wala yeye hatusomi.

Mambo ya taifa tulikuwa tumeyasikia kwa redio tangu utotoni. Mwaka 1974 Leopards, timu yetu ya taifa, walichukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akiwa na mabao 9 katika mashindano yale, kisha wakaenda Ujerumani Magharibi wakiwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wakafungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazili. Wazee wetu walibishana miaka mingi juu ya ile tisa, hasa juu ya golikipa Kazadi Mwamba kutolewa baada ya bao la tatu, kipindi cha kwanza hakijafika hata nusu, akaingia Tubilandu. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, mwenyewe Myugoslavia na mwenyewe kipa wa zamani, na baadaye yeye alisema agizo lile lilitoka kwa wakubwa wa serikali.

Na katika mechi ya Brazili kuna ile ya Ilunga Mwepu, aliyechomoka kwenye ukuta akaupiga mbali mpira wa adhabu uliokuwa wa Wabrazili. Dunia ikacheka: hawa hata sheria hawajui. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria aliijua sana. Timu ilikuwa imetishwa isithubutu kufungwa zaidi ya matatu. Ukilijua hilo, huoni tena ujinga pale. Unaona mchezaji aliyeachiwa uamuzi mmoja tu katika mashindano yote, akautumia.

Kasugho yenyewe ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wa nje wanatujua kwa sababu ya masokwe wa Tayna na chuo kikuu cha uhifadhi kilichoanzishwa hapa. Mimi nakikumbuka chuo kile zaidi kwa mpira. Wakati huo nilikuwa nafundisha timu ya vijana. Wanafunzi walitoka mbali, wengine wamekulia mijini kwenye televisheni, na kila mmoja alicheza na watu ambao mwezi uliopita hakuwajua. Walitufunga bila kukimbia sana. Kipa wao hakubutua. Alimpa beki, beki akampa kiungo, sisi tunafukuza kama kuku. Mechi ilipokwisha mmoja wao akanijia kwa heshima zote.

"Papa, huyu namba ine yako, mupira ikiwa kule, yeye anafanyaka nini?"

"Anapumuzika," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka, maana kweli alikuwa anapumzika. Usiku ule sikulala vizuri. Swali la yule kijana ndilo lililobadilisha mazoezi yangu yote: sikuuliza tena nani ana mpira, nikaanza kuuliza hawa kumi wasio nao wako wapi.

Jibu zuri nililiona Desemba 2010, katika kibanda cha video, jenereta ikinguruma nje. TP Mazembe ya Lubumbashi ilicheza na Internacional ya Brazili huko Abu Dhabi. Wabrazili walikuwa na mpira. Mazembe walikuwa na nafasi. Walijipanga, wakangoja, kipa Kidiaba akaokoa, na walipotoka walitoka wachache na kwa haraka. Kabangu akafunga, Kaluyituka akaongeza la pili, na klabu ya Afrika ikaingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kwa mara ya kwanza. Inter Milan waliwafunga 3 katika fainali, lakini kwa vijana wangu somo lilikwisha kuingia. Niliwaambia waache kumtazama Kidiaba akishangilia kwa kuruka kwa makalio, wamtazame beki wa kulia asiyeguswa na kamera.

Hapo ndipo ulipoingia ugonjwa mwingine, na nausema kwa sababu umeenea vijiji vyote. Makocha tulipoujua mfumo, tuliugeuza amri. Mtu mzima anasimama pembeni tangu dakika ya kwanza hadi ya tisini akipiga kelele: toa, rudi, panda, butua! Mtoto anapokea mpira na kabla ya kutazama mbele anamtazama kocha. Kapiteni wetu wa zamani aliamua jambo moja kubwa, kisha akatuachia mengine yote. Huu ukocha wa kelele unaamua yote, na mtoto akifika mbele ya lango peke yake, hana mtu wa kumwuliza. Sasa naruhusu kuongea wakati wa mapumziko tu.

Mji wa Kanyabayonga ulipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Juni 2024, waliokimbia walijaa Lubero na Butembo. Nilikuwa Butembo wakati mmoja nikawaona vijana wao uwanjani, mmoja wa kijiji hiki, mwingine wa kile, hakuna aliyewahi kucheza na mwenzake. Mmoja akauliza, "Nani anacheza sita?" Mwingine akajibu, "Miye." Mabeki wakagawana pande, wakakubaliana wakabie juu, na baada ya muda mfupi ilikuwa timu. Mpira wetu wa kujuana tangu malishoni usingewafaa kitu, kwa kuwa waliochunga nao mbuzi wametawanyika. Nimeupenda mpira ule maisha yangu yote, lakini nikilinganisha, huu wa sasa umetusaidia zaidi katika miaka ambayo watu hawakai mahali pamoja.

Kwa hiyo nawaomba makocha wenzangu wa Lubero, Butembo na Beni: vijana waliokimbia wakija uwanjani kwenu, msiwaundie timu yao pembeni. Wagaweni katika timu zenu, waulizeni wanacheza namba gani, na wapeni jezi mchana huo huo.