Blanketi la viraka la chumba cha dada

Nimepotea kidogo, nipo TP huku Njombe, nafundisha Hisabati Form Two. Wale mnaolalamika Iringa kuna baridi, njooni huku Julai muone. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ukisema "good morning class" moshi unatoka mdomoni, teh teh.

Nimefikia kwa mama mdogo. Amenipa chumba cha dada, binti yake, aliyekwenda Dar mwaka 2019 kutafuta maisha. Mwaka uliofuata simu yake ikawa haipatikani, mpaka leo. Chumba kiko vilevile: ukuta rangi ya mafuta ya kijani mpaka kiunoni, juu nyeupe, pazia la maruni lenye maua ya dhahabu, kitambaa cheupe cha kufuma juu ya meza. Siku ya kwanza mama mdogo aliniambia, "Lala mwanangu, ila usinibadilishie kitu."

Sasa baridi je? Madukani kuna yale mablanketi ya manyoya yenye simba mkubwa katikati. Mnayajua. Kumwingiza simba mle ndani nisingethubutu. Nikaamua kushona la viraka, lifanane na chumba.

Nilipomwomba ruhusa alikaa kimya. Halafu akachukua mkasi, akafumua upindo wa pazia, akakata kipande cha vidole viwili akanipa. "Usikisie rangi kwa macho," akasema.

Jumamosi nikapanda Coaster mpaka Makambako, kama kilomita 60. Mitumba hata Njombe ipo, lakini Makambako ndipo barabara ya Songea inapokutana na ile ya kwenda Zambia, na TAZARA inapita hapohapo, kwa hiyo mimi naona uchaguzi ni mkubwa zaidi. Nilikuwa natoa kila nguo juani na kuilinganisha na kile kipande, maana chini ya turubai la bluu maruni yote inageuka zambarau. Muuzaji mmoja akaniuliza kama natafuta nguo ya marehemu. Sikumjibu.

Kijani nilichukua kidogo sana, kwa sababu ukuta tayari ni wa kijani, ukiongeza na kitandani unalala ndani ya chupa. Maruni ikawa nyingi, krimu ya kupumzisha macho, na kitenge kimoja chenye njano ya kuitikia yale maua. Vyote nilivifua kwanza mpaka maji yakatoka meupe. Kitenge kipya kinaruka na kichuja rangi, ukikishona hivyohivyo utalia.

Kitanda ni futi nne kwa sita, nikataka lining'inie pembeni, yaani sentimita 150 kwa 210. Kiraka kimoja 15 kwa 15, kwa hiyo 10 kwa 14, jumla 140. Unakata 17 ili ubaki na sentimita moja ya mshono kila upande. (Form Two walipewa swali hili, wengi walisahau mshono.) Kipimo nilikata kwenye boksi la sabuni. Fundi wa jirani akaniazima cherehani cha mguu jioni. Katikati niliweka lile blanketi langu jepesi, chini shuka nzito, nikapiga bandi matabaka yote matatu, ndipo nikashona juu ya mistari ya viraka ili lisijikusanye likifuliwa.

Viraka vilipofika 120 nikaishiwa maruni. Mama mdogo akaingia chumbani, akafungua sanduku la chini ya kitanda, akatoa sweta na sketi ya shule ya dada, sketi ya maruni. Alikata mwenyewe, vipande 20, bila kuongea.

Sasa limetandikwa. Nikirudi kutoka shule namkuta amekaa kitandani, siku hizi, akipapasa ile safu ya sketi. Juzi kaniuliza foronya itachukua viraka vingapi.

TP inaisha Ijumaa. Nimepanga nguo zote kwenye begi. Blanketi sijaligusa.