Chui na Kakakuona: nguvu mbili za pori letu

Sisi tuliokulia katika inchi ya Balega, upande wa Mwenga, Shabunda na Pangi, tumesikia tangu utoto habari za nyama wawili wa pori ambao wazee hawakuwataja ovyo: chui na kakakuona. Hawafanani hata kidogo. Lakini wote wawili walikuwa na kiti chao katika Bwami, chama kikubwa cha hekima cha wazee wetu. Tunapenda kuwalinganisha hapa, maana siku hizi vijana wanamjua mmoja tu.

Chui, hakuna asiyemjua. Anatembea peke yake, anawinda usiku, ana meno na makucha, na dume anaweza kupita kilo 60. Kwa desturi yetu, mtu aliyeua chui hakujifichia ngozi wala meno. Vilikwenda kwa wakubwa wa Bwami. Mkufu wa meno ya chui ulivaliwa na watu wa Kindi, daraja la juu kabisa. Serikali nayo ilimpenda: Mobutu alivaa kofia ya ngozi yake, na Katiba ya 2006 imeweka kichwa chake kwenye nembo ya inchi.

Kakakuona, yeye hana hata jino moja. Anakula mchwa na siafu kwa ulimi mrefu unaonata. Haoni vizuri, na mbio si kazi yake. Kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu, na mama anambeba juu ya mkia. Chui akimkuta, anajikunja kama mpira. Chui anamgeuza huku na huku, kiisha mara nyingi anachoka na kumwacha.

Wazee walisema ni yeye aliyefundisha watu kuezeka nyumba. Angalia magamba yake: yamepangwa moja juu ya lingine. Ndivyo majani mapana ya porini yalivyopangwa juu ya paa, mvua iteremke bila kuingia ndani. Njo maana ilikatazwa kumuua. Akifa kwa bahati mbaya mikononi mwa mtu, ilibidi sherehe ifanyike na nyama yake igawanywe kwa utaratibu wa Bwami.

Darasani tunapouliza nani mkubwa kati ya hao wawili, jibu linakuja haraka: «Mwalimu, ni chui! Ule mwingine anajikunja tu kama muoga.» Tunawaelewa. Hawa ni watoto waliozaliwa ndani ya vita, wamezoea kuona mwenye bunduki akipewa kiti cha mbele. Basi tunawarudishia swali: chui amefundisha mtu kujenga nini? Hapo wananyamaza. Siku moja msichana mmoja alijibu: «Lakini mwalimu, kujikunja hakumsaidii mbele ya mtu.»

Ni kweli kabisa. Silaha ile ile inayomshinda chui njo inamrahisishia mtu kazi: anamwokota tu na kumtia ndani ya mfuko. Magamba yake yanauzwa mpaka Asia kama dawa, kumbe ni kitu kile kile cha kucha zetu. Mwaka 2016, kule Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya aina zote 8 za kakakuona. Lakini mkataba hauchungi pori usiku. Zamani mwiko ulichunga. Wakoloni walipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na miiko mingi ikabaki bila mchungaji.

Wazee hawakutuambia tuchague mmoja na kutupa mwingine. Waliweka meno ya chui shingoni na magamba ya kakakuona kwenye kofia. Mwenye nguvu awe pia mwenye kufunika watu. Leo tunaezeka kwa mabati, na hata bati tunalipanga moja juu ya lingine, kwa namna ile ile. Mtoto akiuliza nani aliyetufundisha, tumjibu wakati bado kuna kakakuona wa kumwonyesha.