Mzee, mkupuo na Altezza ya Temeke

Najua nimepotea. Muhula huu umenibana, halafu wikiendi zangu tatu zilizopita zimeliwa na gari. Sio gari yangu, msije mkaanza kuomba lifti. Ni gari ya nyumbani Segerea, ya mzee, na mimi nimeingizwa kwa sababu moja tu: nasoma uhandisi mitambo hapa Mlimani, kwa hiyo ukoo mzima unaamini naweza kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua.

Baba kaendesha magari ya ofisi miaka 27. Land Cruiser, Hilux, basi dogo la wafanyakazi, Dar mpaka Tunduma, Dar mpaka Mwanza. Mwenyewe hajawahi kumiliki hata pikipiki. Kastaafu 2023, yaani kaangukia kile kikokotoo kilichoanza Julai 2022, mkupuo wa asilimia 33 na inayobaki unaipata kidogo kidogo kila mwezi. Sehemu kubwa ya mkupuo ikaingia kwenye bati, ada ya mdogo wangu na madeni ya msiba. Ikabaki milioni 12. Mama alishazipangia kazi, vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba. Na wapangaji Segerea hawakosekani, kwa hiyo wazo lake halikuwa la kubeza.

Basi bwana, jioni moja mzee akatamka mezani kwamba anataka gari. Mama akauliza, IST? Akasema hapana. Noah? Hapana. Altezza.

Kimya. Mdogo wangu akakohoa ili asicheke.

Kwa asiyeijua, Altezza ni ile sedani ya Toyota iliyotengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005, huko Ulaya na Marekani wakaiita Lexus IS. Ilichukua tuzo ya gari la mwaka Japani msimu wa 1998-1999. Mhandisi wake mkuu alikuwa Nobuaki Katayama. Dashibodi yake ni kama saa ya mkononi, duara kubwa la spidi na vigeji vidogo ndani yake. Na zile taa za nyuma zenye kioo cheupe zilipendwa mpaka dunia nzima ikaanza kuita taa za aina ile "taa za Altezza", hata zikiwa zimebandikwa kwenye gari nyingine kabisa. Inasukumwa na matairi ya nyuma. Hapa mjini imejengewa jina la gari ya mabishoo, muziki mnene na mlio wa kuamsha watoto usiku. Mama aliposikia jina hilo aliona picha hiyohiyo, mstaafu wa miaka 60 kavaa kofia kageuza kisogo.

Mzee hakubishana. Alisema kwa sauti ya chini kabisa: "Miaka yote hiyo nimeendesha gari ambazo nikizizima lazima nirudishe funguo." Akaendelea kula.

Mama hakujibu usiku ule. Asubuhi akatoa masharti, na mama yangu akitoa masharti hata benki ingejifunza. Moja, gari na matengenezo yake yote isizidi milioni 10, mbili ni za tofali na haziguswi. Pili, bibi aweze kupanda na kushuka mwenyewe. Bibi ana nyonga mbovu na kila mwezi ana kliniki Muhimbili. Kwenda na kurudi kwa bajaji anafika nyumbani kachoka kuliko alivyotoka. Gari isiyombeba bibi, mama alisema, sio gari ya familia hii, ni mwanasesere wa mzee.

Nikapewa kazi. Jambo la kwanza nililowaambia ni kwamba kuagiza Japani tusahau. Altezza ya mwisho ina zaidi ya miaka 20 sasa, na gari kuukuu inatozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida. Tutafute iliyopo mjini, namba B au C. Jambo la pili ni injini. Kuna RS200, silinda nne, 3S-GE, hosipawa 210 kwenye gia za mkono. Hiyo ndiyo vijana wanaililia. Ni injini tamu, sikatai, lakini nguvu yake iko juu kabisa ya mzunguko, na Japani ilitengenezewa petroli ya oktani kubwa. Halafu kuna AS200, silinda sita zenye cc 2000, 1G-FE, hosipawa 160. Vijana wanaidharau. Mimi ndiyo niliyoitaka, kwa sababu injini ileile iko kwenye Mark II GX110, na Mark II zimejaa Dar kama kunguru. Ukitaka spea ya 1G unaenda Gerezani Kariakoo na kurudi kabla chai haijapoa. Na ni injini tulivu, haitetemeki. Bibi hatakiwi kutetemeshwa.

Gari ya kwanza tuliikuta yadi moja Kinondoni. RS200, nyekundu, inang'aa mpaka unajitazama meno. Tulifika saa moja asubuhi makusudi ili tuikute injini ya baridi, nikagusa boneti, ya moto. Walishaiwasha. Gari inayowashwa kabla mnunuzi hajafika ina jambo inaficha. Nilikuwa na sumaku ndogo nimeifunga kwenye kitambaa. Mlango wa kulia ikanata, fenda ya nyuma ikadondoka. Puti tupu. Nikafungua rejeta (dalali anasema "sista usiguse hapo"), maji mekundu ya kutu, maji ya bomba. Na thamostati hakuna, imetolewa. Hili jambo linaniudhi kuliko yote kwenye gereji zetu. Fundi anatoa thamostati eti Bongo joto, gari isichemshe. Matokeo yake injini inachelewa kufikia joto lake la kazi, inakunywa mafuta hovyo na inajichakaza, na tatizo lililofanya ichemshe bado lipo palepale. Springi nazo zilikuwa zimekatwa ili ikae chini. Kwa zile barabara za ndani za kwetu ingekuwa inafyeka majani.

Kadi ndiyo ikamaliza mchezo. Jina la mtu mwingine, "yuko safari, ila hamna shida." Mzee akatabasamu, akashukuru kwa adabu zote, tukatoka. Kwenye daladala akaniambia gari kama ile hata ofisini kwao walikuwa wanaipeleka mnadani.

Zikapita wiki mbili za picha za simu na bei za ndotoni. Kisha rafiki wa mzee, dereva mstaafu mwenzake, akataja moja iko Temeke, uani kwa mzee mmoja wa makamo, haijapelekwa kwa dalali yeyote. AS200, rangi ya fedha iliyofifia juu ya paa, namba B. Na hapa nilishika mdomo: gia za mkono, sita. AS200 nyingi ni otomatiki. Sikuamini mpaka nilipokanyaga klachi.

Mwenye gari alituwekea viti. "Karibu mwanangu, we ndo fundi?" Shikamoo, nikasema, nasomea. Akacheka, akanipa tochi mwenyewe. Hiyo peke yake ilinipa moyo. Namba ya chesisi ikalingana na kadi, kadi ina jina lake. Kizibo cha oili safi, hakuna ule ute mweupe wa maji kuingiliana na oili. Injini ya baridi ikawaka mara moja, ikaunguruma sekunde chache, ikatulia. Kwenye simu tukaangalia deni la trafiki na la maegesho. Alikuwa anadaiwa maegesho kidogo, akalipa palepale huku akijitetea kuwa ni mwanawe ndiye aliyeipaki mjini. Mabaya yalikuwepo, sitawaficha: bushi za mbele zimekwisha, shokapu mbili zinavuja, na mkanda wa taimingi haujulikani ulibadilishwa lini. Huo ukikatika vali zinaweza kugongana na pistoni na hapo unaaga injini.

Mzee akaijaribu. Alizima redio, akashusha kioo, hakusema neno. Tukatoka mpaka TAZARA, tukapanda Mfugale, pale juu akaingiza gia ya tatu na kukanyaga. Silinda sita zikaimba, sio kwa kelele, kama mtu anayepandisha sauti taratibu. Nilimtazama kwa pembeni. Mdomo umefungwa, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umebaki juu ya kichwa cha gia, unakipapasa.

Walianza na milioni 8.5, tukamalizana 7.4, tukaandikishana kwa wakili na kwenda kuhamisha kadi TRA.

Siku ilipoingia nyumbani, mama alikuwa kasimama mlangoni na kanga begani. Hakuitazama gari, alimtazama bibi. Bibi akaletwa na fimbo yake. Kiti cha nyuma kilimshinda, mlango mwembamba na paa liko chini, akagonga kilemba na kurudi nyuma. Nikaona uso wa mzee unashuka. Bibi mwenyewe ndiye akasema, "Na huko mbele je?" Tukasogeza kiti cha mbele mpaka mwisho nyuma, akageuka, akakaa kwanza, kisha akaingiza mguu mmoja, na wa pili. Kushuka alishika mlango na bega langu. Mama akasema sharti lilikuwa apande mwenyewe, bila bega la mtu. Bibi akamjibu: "Hata kwenye bajaji nashika bega la dereva, na simjui."

Mama akacheka. Ila hesabu hakuisahau. Sasa ana daftari la gari, linakaa kwenye kabati la vyombo. Gereji ya kwanza imekula 1,350,000: mkanda wa taimingi, wota pampu, thamostati (mpya, na inabaki humo), kulanti, na bushi. Kuhamisha kadi na bima ndogo, laki tatu. Zimebaki laki tisa na nusu kabla hatujagusa mpaka wake. Shokapu bado, tairi mbili za nyuma bado, na rangi ya paa mzee kaambiwa asiitaje.

Kliniki ya bibi ni Jumanne. Mzee kashaifanyia njia majaribio mara mbili bila abiria, eti anapima foleni ya Barakuda. Mimi Jumamosi nateremka Gerezani kutafuta shokapu, nimeshachora namba zake kwenye karatasi, na Jumatatu nina testi ya thamodinamiki ambayo sijaigusa. Bumu nalo halijatoka. Mwenye notisi za wiki ya tano na ya sita anitafute hosteli Mabibo, nitampa soda.